Uzi Mwekundu Mfukoni

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa mtu wa watu, hilo hata waliomsema pembeni walikubali. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alishona sare za watoto wa wasiojiweza, bure kabisa, tena kwa kitambaa kilekile cha wenye nazo. Hakulipua kazi hata siku moja. Ila alikuwa na kaugonjwa kake: alipenda sifa jamani, ungedhani ndizo zinazomlisha. Basi kila sare ya msaada aliipiga mshono wa uzi mwekundu kwenye mfuko wa kifuani, mistari miwili iliyonyooka, ili kila aionaye ajue ni mkono wa nani.

"Kwani lazima?" mkewe aliwahi kumuuliza, akikunja nguo mezani.

"Mke wangu, hata mchoraji hutia sahihi," akajibu, yakaishia hapo. Mzee yule alikuwa mbishi, ukimpa ushauri ni kama umemtukana.

Miaka ikaenda. Macho yakafifia, kutunga uzi kwenye sindano ikawa shughuli pevu. Wanawe walikuwa na kazi zao za ofisini, hawakutaka hata kusikia harufu ya mafuta ya cherehani. Jambo likamkaa moyoni: akifa, sare za bure zife naye? Akaamua kwamba vyerehani vyote, meza ya kukatia na pasi amwachie mtu mwenye mkono mzuri, kwa sharti kwamba msaada uendelee na uzi mwekundu ubaki. Akamchagua mshona mapazia wa barabara ya pili, mwanamke mpole ambaye pindo zake hazijawahi kwenda kombo.

Alimwita, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, mkewe akaleta chai. Fundi akaeleza yote kwa mbwembwe, kisha akatulia kusubiri shukrani. Mwanamke akaweka kikombe chini.

"Baba, mimi nilivaa sare yako."

"Wewe? Si unaona sasa!" Fundi akapiga makofi kwa furaha.

"Tulikuwa tunaitwa Mifuko Myekundu. Kalamu ya mtu ikipotea darasani, tunapekuliwa sisi kwanza. Nilikuwa naufumua ule uzi kwa wembe njiani, lakini matundu yalibaki, wakayaona. Nikaanza kumwambia mama tumbo linauma. Likauma hivyohivyo mpaka shule ikanisahau."

Fundi alitaka kubisha, maana ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Safari hii akajikuta anauliza tu.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje? Mama alinileta hapahapa mlangoni nikushukuru. Ukaniambia nisome kwa bidii." Akainuka, akajifunga mtandio vizuri. "Sina kinyongo na wewe, baba. Lakini vyerehani hivi siwezi kuvikalia. Nisamehe."

Akaaga kwa adabu, akaondoka. Chai yake aliiacha nusu.

Fundi alijuta, majuto ya mtu mzima, yanayomfanya asijue mikono aiweke wapi. Watu wa kuwaachia vyerehani hawakukosekana, wangekuja mbio. Lakini hamu yote ilikuwa imemtoka. Alitoa kwa moyo, hilo alilijua, na kwa mkono uleule akawaumiza watoto wa watu, naye akajiona mwema miaka yote hiyo.

"Nitawatafuta," alimwambia mkewe. "Mmoja mmoja. Niwaombe radhi."

"Utawajuaje?" mkewe akauliza. Hakuwa anamsuta, alitaka kujua kweli.

Fundi akafumba macho, akajitahidi amkumbuke japo mmoja. Walisimama mbele yake kila mwaka, wamenyoosha mikono awapime. Aliyakumbuka mabega yao, migongo na viuno vyembamba vilivyohitaji kupunguziwa kitambaa. Sura haikumjia hata moja. Hata ya yule aliyetoka pale sasa hivi, hakukumbuka ilivyokuwa utotoni mwake.