Maneno ya Ndugu Yangu Timboni

Baba yangu alichonga mawe ujana wake wote katika timbo lililo nyuma ya soko letu, upande wa Katelembo, ukitoka Athi River kuja Machakos. Soko lenyewe lilizaliwa na timbo hilo. Maduka, kanisa, hata vyoo vya shule vilijengwa kwa mawe ya shimo lile, na siku zake nzuri malori yalipanga foleni tangu asubuhi yakingoja kupakiwa. Halafu mawe mazuri yakaisha. Mwenye timbo akahamisha mashine zake, malori yakaacha kuja, na mvua za miaka kadhaa zikalijaza shimo maji, likawa bwawa la kijani lenye kuta ndefu zilizonyooka.

Kikundi cha vijana wa pale sokoni ndicho kilichoona kwamba watu wa Nairobi wanaweza kuja kuliangalia. Wageni hao walikuwa wanaenda Kyamwilu kuona maji yakipanda mlima, wanamwaga maji ya chupa barabarani, wanapiga picha, kisha wanatafuta pahali pengine pa kusimama wakirudi. Vijana wakapanda miti kuzunguka shimo, wakatengeneza mabenchi na kibanda cha chai, wakafungua chumba kidogo cha vifaa vya zamani: nyundo, tindo, mitaimbo, kofia za chuma zilizobonyea. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Machakos, waliniomba niandike karatasi ya historia ya kuwasomea wageni. Niliandika jinsi mawe yalivyopasuliwa, jinsi fundi alivyojua kwa kugonga tu kama jiwe lina ufa ndani, na ni majengo gani mjini yaliyotoka kwetu. Sikuandika kwamba ndugu yangu alifia mle.

Alikuwa kifungua mimba, na mimi kitinda mimba. Alipofariki alikuwa na miaka ishirini na miwili, amefanya kazi na baba miaka mitatu. Mimi nilikuwa darasa la sita. Niliporudi kutoka shule nilikuta watu wamejaa uani na mama ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, akinamama wa kanisa wamemshika mabega. Tuliambiwa ukuta wa jiwe uliporomoka asubuhi, naye akafa papo hapo bila kusikia maumivu. Baba ndiye aliyesema hivyo. Alisema mara moja, na hakulizungumzia tena. Mama aliyashika maneno hayo kwa miaka yote. Mtu akija kumpa pole, hata baada ya muda mrefu, alijibu, "Mungu alimhurumia, alienda mara moja."

Kwa hiyo nilishangaa vijana walipomwomba baba awe anawaeleza wageni habari za timbo, naye akakubali. Nyumbani alikuwa mtu wa kimya. Kila Jumamosi, hata hivyo, alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kahawia na kuondoka mapema. Mama alifurahi. Aliniambia kwa simu, "Baba yako amepata watu wa kuongea nao." Yeye mwenyewe hakuwa ametia mguu timboni tangu msiba, na hakuna aliyemlaumu.

Ni akinamama wa kanisa waliopanga ile safari. Walitaka kutembea siku moja tu, wacheke, waone vitu vya kwao ambavyo wageni wanavijua kuliko wao. Asubuhi Kyamwilu, mchana timboni kwa chai na mikate. Mama alisema ataenda Kyamwilu na kuishia hapo. Lakini siku ile alicheka sana. Alimwaga maji barabarani kwa mkono wake, akayatazama yakipanda, akasema hata macho yanaweza kukudanganya ukiwa mzima. Tulipofika sokoni kwetu, nikitarajia atateremka aende nyumbani, alijifunga kitambaa vizuri kichwani akasema, "Twende tu. Nimeshazeeka, nitaogopa shimo mpaka lini?"

Baba hakujua kwamba yumo. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, na mtu akisimama mbali kidogo alimwona kama kivuli. Mama alisimama nyuma ya wenzake, mimi kando yake nikibeba mkoba wake.

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akiongea hivyo. Aliwaonyesha alama za tindo ukutani na kuwaambia kila fundi alikuwa na mkono wake, na kwamba yeye angeweza kutambua kazi ya mtu aliyekwisha kufa kwa kupapasa jiwe. Aliwachekesha. Kisha mwanamke mmoja, mgeni katika kanisa letu, akauliza kwa upole, "Mzee, kuna mtu alifia hapa?"

"Mmoja," baba akasema. "Alikuwa kijana wangu."

Akinamama waliotujua waligeuka kututazama. Nilimshika mama mkono ili tuondoke. Akautoa mkono wake.

Baba aliendelea kwa sauti ile ile ya kueleza. Alisema ukuta uliporomoka watu wakianza kazi, kijana akabanwa kuanzia kiunoni chini ya mawe ambayo watu kumi hawangeyainua. Mashine ya kuinulia ilikuwa imeharibika, ikabidi watumie mitaimbo. Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Muda wote huo kijana alikuwa anaongea. Baba alilala kifudifudi juu ya kifusi, akapitisha mkono kwenye upenyo, akamshika kidole.

"Alikuwa anauliza kitu kimoja, kama mama yake amefika," baba alisema. "Mwaitu amefika? Mwaitu amefika? Nikamwambia yuko njiani."

Nilisikia birika likichemka kule kibandani.

Mama akasema kutoka nyuma, bila kupaza sauti, "Na mimi nilikuwa njiani?"

Baba aliinua uso. Aliitambua sauti mara moja, nikaona mikono yake ikitafuta kitu cha kushika.

"Uliniita?" mama akauliza.

"Hapana."

"Ulimtuma mtu?"

"Kuna mtu alitaka kukimbia kukuita. Nilimkataza."

"Siku hiyo nilikuwa nyumbani," mama alisema. "Nilikuwa nachambua mbaazi."

Hakulia. Aligeuka akashika njia ya miguu inayopita katikati ya mashamba hadi kwetu, nami nikamfuata. Alitembea bila haraka na bila kusimama, mwanamke wa miaka karibu sabini, mpaka tukaingia langoni. Akanigeukia. Alikuwa hata hahemi.

"Umeona ni karibu aje?" akaniambia. "Ningefika. Hata ningetembea polepole namna hii, ningefika."

Tangu siku hiyo baba hakurudi timboni. Vijana walikuja kumsihi mara mbili, akawaambia kifua kinamsumbua. Ilikuwa kweli, vumbi la miaka mingi lilikuwa limemkaa, lakini si hilo lililomzuia. Mama alimpikia, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga, na hakumwambia neno lisilohusu chakula au maji. Nilienda nyumbani kila Ijumaa nikitumaini kuwakuta wanagombana. Niliwakuta kimya.

Siku moja nilikaa na baba nje, nikamuuliza kwa nini hakumwita.

"Nilifikiri tutamtoa," alisema. "Nilitaka mama yako akifika amkute ametoka. Nikawa najiambia, jiwe hili moja tu, ndio aitwe. Halafu lingine. Halafu akanyamaza."

"Na kwa nini ulituambia alikufa papo hapo?"

"Ningesema aje ingine? Mama yako angeniuliza vile ananiuliza sasa."

"Lakini wageni uliwaambia."

"Wale hawamjui. Wanasikia, wanakunywa chai, wanaenda. Na mimi nilikuwa nimechoka kuwa nayo peke yangu."

Mimi pia nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa nampenda. Niliingia ndani nikaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Msimu wa baridi kifua kilimzidi, akalazwa katika hospitali ya kaunti. Mama alikuja kila siku na uji kwenye thamosi. Siku ya tatu nilimkuta amesogeza kiti hadi karibu na mto wa baba, amemwinamia.

"Alisema nini tena?" alikuwa anamuuliza.

Ndivyo walivyoanza kuongea upya. Baba alikuwa na kipumulio puani na kila sentensi ilimchosha, kwa hiyo mama aliuliza kimoja kwa siku, wakati mwingine viwili, kisha akamwacha alale. Jioni alinikuta mimi nikitoka shuleni, akaniambia niandike. Tuliandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, kwenye ukurasa mtupu. Kwamba alisema miguu haimuumi, ina baridi tu. Kwamba aliomba maji, wakampa kwa kitambaa. Kwamba aliuliza kama rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi naye ametoka salama, akaambiwa ndiyo, akasema afadhali. Kwamba alitaka mimi nisiambiwe nikiwa darasani, nisubiriwe mpaka nirudi.

Nilipoandika hilo la mwisho kalamu ilinishinda. Mama alinisubiri. Akasema, "Maliza, kabla sijasahau alivyolisema."

Hakuna siku niliyomsikia akimwambia baba kwamba amemsamehe. Baba aliomba, nilikuwepo. Alisema, "Mama, nilikosa." Mama alimpangusa mdomo kwa leso, akamwambia, "Kunywa uji, ndio upate nguvu ya kuniambia."

Hakupata. Wiki ya pili sauti ilikwenda kabisa. Mama aliendelea kuuliza, akilaza sikio karibu na midomo yake, na baba aliitingisha midomo ile bila kutoa kitu. Asubuhi moja tulifika tukakuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda. Muuguzi alituongoza pembeni. Mama alisikiliza yote hadi mwisho, akashukuru, kisha akaniambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mengine baba alikuwa amebakisha, na ameenda nayo.

Maneno yote ya ndugu yangu tuliyoyapata ni mistari saba.

Tulimzika baba shambani, kando ya mwanawe. Wachonga mawe waliobaki walikuja, wachache, wazee wenye kikohozi kama chake. Watu walipoanza kutawanyika mama alimfuata mmoja wao, yule rafiki ambaye ndugu yangu aliuliza kama ametoka salama, akamketisha kwenye kiti kizuri na kumwekea chai. Nilikuwa nyuma yao nikikusanya vikombe.

"Siku ile ulikuwa karibu naye," mama alimwambia. "Kuna kitu ulisikia akisema?"

Yule mzee aliishika chai yake kwa mikono miwili. Nilimwona mama akisubiri, kitabu cha nyimbo kikiwa mapajani.

"Nilikuwa juu, na mtaimbo," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunapiga kelele ili tuinue pamoja. Hatukusikia kitu, mama. Pole."

Mama alimwambia si kitu, akamwongezea sukari.