Bei ya Kwanza Aliyoitaja Keji

Keji hajawahi kutaja anachokitaka kabla ya kutaja asichokitaka. Huo si uongo, ni biashara, na atakayebisha avuke daraja la Juba aende soko la Gumbo Jumamosi asubuhi, amkute kwenye kibanda cha viatu vya mitumba akimtajia mteja bei inayomshtua hata yeye mwenyewe. Mteja atapiga kelele, atageuka kuondoka, ataitwa, watapatana, na kila mmoja ataenda zake akiamini kamshinda mwenzake. Siku nyingine za wiki Keji ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Mambo ya viatu alifundishwa na Namukasa, Mganda mwenye kibanda cha pembeni, ambaye Keji humwita anti ingawa hawana undugu wowote.

Mwaka huu Keji na Lako, mwenzake wa darasani, walialikwa Helsinki kwenye mkutano wa kimataifa wa vijana. Kilichowapatia mwaliko ni andiko la Lako kuhusu maji ya visima. Keji aliongezwa kwa sababu anajua kuongea. Lakini barua za mwaliko zilichelewa mno, na viza ikatoka moja tu, ya Keji. Siku ya safari Lako alimbebea begi hadi mlango wa uwanja wa ndege, akijitahidi kucheka.

"Mimi iko sawa," alisema. "Lakini mwaka kesho ndiyo ya mwisho, nikipita hapo umri hairuhusu. Wewe waambie tu watume barua mapema. Miezi sita. Hiyo tu, Keji."

"Nimesikia," alisema Keji, na alikuwa amesikia kweli.

Tatizo, hakuna aliyemwonya kuhusu watu wa kule. Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Aliimba nyimbo za kufahamiana, alivaa koti la kuazima lililomfika magotini, alipewa samaki mbichi akasema ni mtamu na Mungu anajua. Siku ya nne ikaja kamati ya mapendekezo, ile ambayo likiandikwa jambo linapelekwa kwa wakubwa wa mkutano. Mwenyekiti alikuwa Aino, msichana wa Kifini mwenye sauti ya upole.

"Keji, pendekezo lako ni lipi?"

Pendekezo ni barua, miezi sita. Lakini mdomo una mazoea yake. Ukianza na sita utapewa miwili, kila mtu wa Gumbo anajua hivyo. Akavuta pumzi, akataja bei.

"Mkutano wa mwaka kesho ufanyike Juba."

Akakunja mikono, akangoja wapige kelele. Hakuna aliyepiga. Aino aliweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga.

"Wazo zuri sana," alisema. Mikono ikainuliwa meza nzima. Kijana mmoja wa Brazili akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata.

"Lakini naweza kupunguza!" Keji alisema haraka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumbembeleza mteja asilipe bei kamili. "Juba ni mbali, jamani. Tuseme barua tu, zitumwe miezi sita kabla."

"Barua za nini?" aliuliza Aino. "Sisi ndio tunakuja kwenu."

Wakaanza maswali. Ukumbi wa watu mia nne upo? Sasa, mchuuzi akiulizwa namba ya kiatu asiyokuwa nayo hasemi hapana. Anasema ipo, kisha anakimbia kwa jirani kuitafuta. Keji akasema upo. Hoteli? Zipo. Umeme wa uhakika? Hapo alikohoa kidogo, akasema upo. Juba iliandikwa kwa herufi kubwa, na habari ya barua haikuandikwa popote.

Ndani ya ndege kurudi hakupata usingizi. Wakubwa wakikataa Juba, na watakataa, Lako atabaki mikono mitupu. Alimweleza yote siku ileile aliyofika, pale kibandani. Lako alimsikiliza hadi mwisho, akasema "malesh", yaani si neno, kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa, akaondoka. Afadhali angemtukana. Keji aliona aibu kiasi cha kuuza viatu juma zima kwa bei ya kweli, mpaka Namukasa akadhani ni mgonjwa.

Mwezi wa pili tangu arudi, jibu likaingia kwenye simu ya Keji. Lako alikuwepo, alikuja kurudisha kitabu. Keji alisoma kwa sauti: wakubwa wameshukuru sana, ila Juba hawataweza. Wanauliza kama vijana wa Sudan Kusini watakubali mkutano ufanyike Kampala, na wajumbe wote wawili wa mwaka huu wahudhurie, akiwemo yule aliyekosa viza.

Kampala! Huko Lako haombi viza, na ndiko alikosomea sekondari. Basi la kupitia Nimule, mpakani, analijua kiti kwa kiti.

"Sasa ndiyo wanapatana!" Namukasa aliruka kutoka kibandani kwake. "Usijibu, mtoto wangu. Nyamaza wiki mbili. Wataongeza nauli, wataongeza hoteli. Mimi nakuambia, geuka kama unaondoka."

Na Keji, Mungu amsamehe, aliifikiria. Kidole chake kilikuwa tayari kinaifunga ile barua pepe. Akainua macho, akamwona Lako amekishika kile kitabu kwa mikono miwili. Tangu uwanja wa ndege hakuwa amemwomba tena chochote.

Akaandika neno moja, "Tumekubali", akalituma.

"Bei ya kwanza?" Namukasa alishika kichwa. "Bila hata kuuliza chakula? Kumbe nilikufundisha bure!"

"Bure kabisa, anti," alisema Keji, akampa Lako simu ajisomee mwenyewe.