Wageni Tisa na Sufuria Tupu

Jamani, leo nimewapelekea adui wateja kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnanijua. Tangu ile hoteli kubwa ifunguliwe ufukweni, ile ya kampuni yenye hoteli kila mji, nawadaka watalii barabarani niwalete kwa Bi Zuhura, anayepika pale sokoni tangu mwaka wa uhuru, miaka kumi na miwili sasa.

Leo nikapata kombi nzima. Watu tisa, na njaa yao.

Nafika mgahawani, sufuria tupu.

"Shikamoo Bi Zuhura. Pilau iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimeipeleka msibani kwa kina Salehe. Baba yake kazikwa asubuhi."

Salehe ni mpishi wa hoteli ile ile.

Nikapandwa na hasira. "Bibi, hao si ndio wanaokuulia biashara?"

"Waliofiwa hawapiki. Jirani ni mimi, nani mwingine awapikie?"

Dereva akageuza kombi, wageni wakaenda hotelini.

Mimi nikaenda msibani, bado nimenuna. Nikala pilau ya Bi Zuhura mkekani (tamu, siwafichi), kisha nikamtafuta Salehe nimpe pole.

Hayupo.

"Ametoka sasa hivi," akasema mjomba wake. "Hoteli wamemtumia gari. Eti wamefika wageni tisa kwa mpigo."

Sijamwambia wageni hao wametoka kwangu.

Nyie mngemwambia?