Nyota Mbili na Moshi wa Mafinga

Niliondoka Iyunga Ijumaa asubuhi nikiwa na hasira, na sioni haya kulisema hilo. Wiki tatu kabla, kwenye maonyesho ya sayansi, jaji mmoja kutoka Iringa, Mwalimu Kihongole, alichukua kalamu nyekundu akaandika juu ya mchoro wangu: "Namba za kupikwa." Mbele ya wanafunzi wangu! Nimefundisha fizikia miaka kumi na miwili na sijawahi kumpikia mtu hata alama moja ya mtihani.

Mchoro ulihusu mwanga wa nyota mbili zinazozungukana kwa mbali mno. Kwenye darubini yangu zinaonekana zimekaa jirani. Moja ina sayari kubwa ya gesi, ambayo kila baada ya siku chache hupita mbele yake na kuupunguza mwanga wake kidogo sana, sehemu moja hivi kati ya mia. Mimi nilisema nimeuona upungufu huo. Yeye akasema nimeupika. Nikampigia simu: "Kwa ratiba ya wanaastronomia, Ijumaa saa mbili usiku inapita tena. Njoo Mafinga uone kwa macho yako." Akakubali, nadhani kwa nia ya kunikomesha.

Saa nne asubuhi, basini, konda alitaka darubini iende kwenye buti. "Dada, hilo bomba lishuke chini." Nikaipakata mpaka Makambako, miguu imekufa ganzi. Jirani yangu wa kiti aliuliza kama ni bomba la kupulizia viazi dawa. Niligeukia dirisha, na hata hivyo alinigawia hindi lake la kuchemsha.

Mafinga tulifika saa kumi jioni. Baridi ilikuwa kali, na malori ya mbao yamejipanga barabarani. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ameolewa hapo na Mzee Chaula, mwenye mashine ya kupasua mbao.

"Kamwene, mwanangu! Mbona umenuna?"

"Sijanuna, mama. Nimechoka."

"Umenuna."

Saa kumi na mbili akaja Kihongole, koti refu, kofia mkononi. "Pole na safari, mwalimu," akasema kwa upole, kana kwamba hajaniita mwongo. Upole huo ndio uliozidi kuniudhi.

Ilipokaribia saa mbili nilikuwa nimeshaielekeza darubini uani, kamera inapiga picha na kuzituma kwenye kompyuta yangu. Ndipo baba mdogo Chaula alipotoka. Kwake, kumwacha mgeni akae nje kwenye baridi ile bila moto ni aibu ya nyumba nzima. Hakuuliza mtu. Alirundika mabanzi, yale makombo ya misonobari yenye magome, tena mabichi, akawasha. Moshi ukatanda juu ya darubini.

"Baba, zima!" nilipiga kelele.

"Nizime? Wageni wangu wafe baridi?"

Nikanyakua ndoo ya maji nikamwaga mwenyewe. Moto ulikufa, moshi ukawa mara mbili. Mama mdogo alishika mdomo. Mzee akaniangalia, akaingia ndani.

Kihongole aliinama kwenye kompyuta. "Nyota zote mbili zimepungua," akasema. "Sayari yako imezipita zote?"

Nilitamani kumrushia ile ndoo. Lakini swali lilikuwa la haki. Moshi hauchagui nyota. Sayari hupita mbele ya moja tu. Kwenye kompyuta nikaizungushia kila nyota duara lake, kisha nikagawa mwanga wa ile yenye sayari kwa mwanga wa jirani yake, picha baada ya picha. Hapo moshi ukakosa kazi. Na ulipotawanyika kweli, jirani alirudi kwenye mwanga wake wa kawaida, lakini yenye sayari ikabaki chini mpaka karibu saa tano, ndipo ikapanda taratibu.

"Ipo," Kihongole alisema. "Nisamehe, mwalimu. Nitakuandikia barua uwasomee wanafunzi wako." Aliiandika usiku uleule.

Jumamosi asubuhi nilimfuata baba mdogo kwenye mashine yake. "Nimekukosea, baba."

"Hiyo nyota umeipata?"

"Nimeipata."

"Basi kanywe chai."

Saa sita mchana, kwenye basi la kurudi Iyunga, tukiwa tumeipita Igawa, nilifungua picha za zamani, zile za mchoro wa maonyesho. Wakati ule nilikuwa nimeziweka nyota zote mbili ndani ya duara moja, kwa haraka zangu. Sasa nikazitenganisha. Zilishuka pamoja, zikapanda pamoja. Wiki ile Iyunga jirani zetu walikuwa wakichoma tanuri la matofali.

Nilikaa na barua ya Kihongole mapajani. Hakuna mtu angejua. Hasira niliyotoka nayo nyumbani sasa ilinirudia mimi: wiki tatu nzima nilimlaani mtu, na sikuzirudia picha zangu hata mara moja. Nikampigia.

"Mwalimu, ule mchoro wa kwanza haukuwa sayari. Ulikuwa moshi."

"Kwa hiyo ulipika?" akauliza.

"Sikupika! Nilikosea."

"Basi barua ibaki ilivyo. Inasema hukupika."

"Niandikie nyingine, uongeze mstari useme nilikosea."

"Wanafunzi wako watausikia."

"Ndiyo," nikamwambia. "Neno lako la kupika walilisoma wenyewe. Hili nitawasomea mimi."