Mayai manane ambayo mama hakuyaleta

Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu anazima feni ya darasa. Inalia krii krii, na mmoja wa wanafunzi wake kumi na mmoja wenye usonji hawezi kuvumilia sauti hiyo. Bora joto. Anabandika ubaoni swali la kwanza, la muuza mkaa.

"Mwalimu, huyu muuza mkaa yupo?" anauliza msichana wa miaka kumi na miwili aliyekaa mbele, macho yake ukutani.

"Hayupo, mwanangu. Ni wa hesabu tu."

Wenzake humwita Kikokotoo, na hawakukosea. Muulize 348 mara 27, jibu unalipata hujafunga mdomo. Lakini hesabu za mafumbo, zile za fulani kanunua, fulani kagawa, zinamtoa jasho. Kwake neno ni neno: ukiandika kuna mtu, basi yupo.

"Nimefundisha miaka kumi na tisa," anasema mwalimu. "Niliona wanaelewa upesi nikiwatia watu wa nyumbani kwao. Kaka yako, shangazi yako. Hiyo ndiyo mbinu yangu, na niliringa nayo kweli."

Muhula uliopita, siku ya kufungua shule, alimwandikia Kikokotoo: Mama yako amenunua mayai kumi na mawili. Manne yamevunjika njiani. Atafika nyumbani na mayai mangapi?

Mtoto akaandika: manane. Mwalimu akampa vema kubwa.

Jamani! Mama huyo alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Ofisi ilikuwa na taarifa. Mwalimu hakuambiwa, wala hakuuliza.

"Alikaa mlangoni akimngoja mama yake mpaka giza likaingia," anasimulia bibi anayemlea. "Namwambia ingia ule, ananionyesha daftari. 'Mwalimu kaweka vema, bibi.' Siku tatu hizo."

Alipojua, mwalimu alienda kuomba radhi. Bibi alimkaribisha chai.

"Angenitukana ningepata nafuu," anasema mwalimu, na machozi yanamtoka wala hayafichi. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Kwa miezi miwili Kikokotoo hakugusa fumbo hata moja. Mtihani wa kupanda darasa umebakiza wiki tano, na nusu ya maswali ni mafumbo. Tayari amerudia darasa mara moja. Akianguka tena, shule haitampokea.

Basi mwalimu alianza kuandika juu ya kila fumbo, kwa wino mwekundu: Watu hawa hawapo. Baadaye akaandika kwa penseli, hafifu. Wiki hii, mahali pa maneno hayo anaweka nukta tu, na mtoto amepata matatu kati ya matano.

"Karatasi ya mtihani haitakuwa na nukta," anasema akikusanya madaftari. "Kwa hiyo namfundisha aiweke mwenyewe. Asome, aweke nukta, ndipo ajibu. Akiweza hilo, mengine namwachia Mungu."

Jana Kikokotoo aliweka nukta yake ya kwanza bila kuambiwa. Aliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, kisha akajibu.