Chembeu ya Kaka Makame

Asubuhi moja, kabla vita vya Wajerumani na Waingereza havijatufikia kisiwani kwetu Jibondo, kaka yangu Makame alikuwa akikalafati mashua na rafiki yake Hatibu. Niliwapelekea uji, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, kichwa kimejaa ndoto za kuolewa Unguja.

"Mize, huyo mume wa Unguja anajua unavyokoroma?" Hatibu akauliza.

"Atazoea, kama mkeo alivyokuzoea wewe!"

Kaka alicheka hadi ikamponyoka chembeu, ile patasi butu ya kusukumia pamba kati ya mbao.

Siku chache baadaye walivuka kwenda Mafia kubwa kuuza papa mkavu. Waingereza walikuwa wameshashuka huko kupigana na Wajerumani.

Mizinga ikalia.

Kaka alirudi peke yake, damu ya Hatibu shukani.

Arubaini ikapita. Kaka halali, hali, haogi mpaka ashikwe mkono. Majirani wakamwita mvivu. Mama akafukiza ubani. Mimi nilimfanyia vichekesho kila siku, nikidhani furaha huletwa kwa mitungi, kama maji yetu. Alinitazama tu.

Siku moja jirani akaja na ile chembeu mkononi.

"Makame kanipa. Kasema niwe nayo moja kwa moja."

Nilimkimbilia Mama. Kwetu fundi hagawi chembeu yake. Hurithiwa akishakufa.

"Mama, hili limetushinda. Tuvuke Chole kwa tabibu."

"Watu watasema mwanangu ana wazimu."

"Waseme, mradi yu hai."

Tabibu, Mwarabu mnene aliyekuwa na mafua, alipenga kamasi, kisha akauliza tulichokiogopa sote.

"Makame, unataka kufa?"

Mama akajiziba mdomo kwa kanga.

"Ndiyo," kaka akasema. Akalia, mara ya kwanza tangu Hatibu afe.

"Huu ni ugonjwa, si uvivu," tabibu akatuambia. "Asiachwe peke yake. Mniletee kila Jumatatu. Na mngekuja mapema, jamani."

Tulivuka Jumatatu nyingi. Nyingine alirudi vilevile. Lakini akaanza kula, na siku moja akaenda mwenyewe kwa jirani kudai chembeu yake.

Miaka imepita. Hatibu harudi, na kicheko kile cha kaka sijakisikia tena.

Juzi nilimpelekea uji kazini.

"Mize, yule mume wa Unguja yuko wapi?"

Ulikuwa utani wa Hatibu, sasa kinywani mwa kaka. Nikammiminia uji. Kisha kaka akaendelea kugonga.