Mdoli Ambao Mama Mkubwa Hakuufumua

Nakumbuka siku moja mjini Mpanda niliulizwa swali mbele ya ukumbi mzima, nikasema sijui. "Kabula, wewe ndiye msomi wa familia. Tuambie basi, mama yako mkubwa anaficha nini?"

Mwanangu, kwangu mimi kusema sijui halikuwa jambo la kawaida. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi nyumbani Majimoto kusubiri ajira, na kazi pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kuwauliza watu maswali. Nilimhoji mchungaji, nikamhoji mtendaji, nikamhoji babu yako mpaka akaanza kulia chakula chake nje. Nakuita mwanangu na huenda unacheka, maana hata mvi sina. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu hilo linatosha. Nasikia na wewe umeanza kuuliza. Ndiyo maana nakuandikia.

Mama mkubwa Milembe, dada yake bibi yako, alikuwa anashona midoli. Si ile ya magunzi tuliyochezea utotoni. Yake ilikuwa ya watu wazima kukaa na kuitazama: mwanamke amechuchumaa anapepeta mpunga, mchunga ng'ombe ameegemea fimbo kwa mguu mmoja, mama mwenye ndoo kichwani na uso wa mtu aliyechoka kusalimiwa. Juu kitenge, ndani sufi, nywele za uzi. Wanawake wa mkoani waliokuwa wanashona midoli ya namna hiyo walikuwa na umoja wao, na mwaka ule waliitana Mpanda. Kila mmoja alete kazi zake, watazamane, na mwisho wamchague mmoja awe mwalimu wa wasichana kwenye darasa jipya la ushonaji. Mama mkubwa aliitaka sana nafasi ile. Hakusema, lakini alikuwa ameshajishonea gauni la kufundishia na kulificha chini ya godoro.

Nilimsindikiza nikiwa na mashaka yangu yote. Nilimshuku mwenyekiti, mwalimu mstaafu, kwa namna alivyokumbatia kila mtu. Nilishuku hata chai, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Zaidi ya wote nilimshuku Bibi Daforoza.

Huyu alikuwa mjane mwenye asili ya Burundi, mwenye meza ya vitambaa na midoli sokoni Kibaoni, na midoli yake ndiyo iliyosifiwa kuliko yote. Kila siku ya soko mama mkubwa alipanda bodaboda kwenda kwake na mfuko uliojaa, akarudi na mfuko uliojaa. Siku ile ya Mpanda waliingia ukumbini wameshikana mikono kama wasichana wa shule. Nilimpungia mkono Bibi Daforoza kutoka mlangoni. Uso wake ukanipita kana kwamba nilikuwa kisiki. Nikajisemea, huyu ana majivuno. Niliposema "Shikamoo bibi" ndipo alipogeuka na kutabasamu.

"Marahaba, Kabula. Amahoro," akaongeza salamu ya kwao, yaani amani.

Mwenyekiti akasimama, akagonga meza.

"Jamani, tunapendana, lakini humu katikati yetu kuna midoli ya dukani. Mtu ananunua, anaivalisha kitenge, anakuja hapa anasema nimeshona. Leo kila mmoja atafumua mgongo wa mdoli wake mmoja, tuone mshono wa ndani. Mashine haishoni kama mkono, na mkono wa huyu haushoni kama wa yule. Nikikuta mishono ya wawili inafanana, wote wawili watakaa hapa mbele washone, tuone nani anambeba mwenzake."

Hata mimi niliona ni haki. Wakaanza kufumua, sufi ikaruka, watu wakapiga chafya na kuchekana. Mdoli wa dukani ulipatikana kweli, na mwenye nao akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Bibi Daforoza alimpa mwenyekiti mdoli wake amfumulie. Mshono wake ulikuwa mfupi, umebana, na kila mahali uzi ulipopinda palikuwa na fundo dogo kama punje ya ulezi. Ukapitishwa mkono kwa mkono ukumbi mzima, wengine wakiugusa kwa ncha ya kidole.

Ikafika zamu ya mama mkubwa.

"Mimi sifumui," akasema.

"Milembe, ni kidogo tu, halafu unashona tena."

"Sifumui, mwalimu. Naomba mnisamehe."

Nyuma yangu mama mmoja wa Kasansa akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Humo kuna dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kumrudisha mume. Si aliondoka na ng'ombe?"

"Basi haifanyi kazi," mama mkubwa akajibu bila kugeuka. "Waliorudi ni ng'ombe peke yao."

Ukumbi ukacheka, ila mwenyekiti hakucheka. Ndipo aliponigeukia mimi na lile swali.

Jibu nilikuwa nalo, mwanangu, na nililiona wazi. Mama mkubwa alikuwa amekaa benchi moja na Bibi Daforoza. Alikuwa ameushika mkono wa yule bibi na kuubana juu ya paja, kwa nguvu, mpaka mishipa imemtoka. Nikaunganisha. Midoli ya mama mkubwa inashonwa Kibaoni, na hapa anamtisha aliyeishona asifungue mdomo. Lakini kulisema hilo kungemmaliza mama yangu mbele za watu, na ushahidi sikuwa nao. Nikasema sijui.

"Asiyefumua hawezi kubaki kwenye umoja," mwenyekiti akasema, na niliona kwamba hakufurahi kulisema.

Mama mkubwa akairudisha midoli yake mfukoni mmoja mmoja, akiikunja miguu isifumuke. Bibi Daforoza hakusema neno. Nafasi ya kufundisha akapewa yule mama wa Kasansa.

Kwenye basi la kurudi nilishindwa kuvumilia.

"Mama, kwani unashonewa?"

"Unaniuliza, au umeshajijibu?"

"Nauliza."

"Basi ngoja ujibiwe." Akageukia dirisha. Lile gauni alilikata baadaye, likawa nguo za midoli.

Mimi kungoja sikujua. Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Kibaoni kumtega Bibi Daforoza. Nilikata kifungo cha blauzi yangu makusudi, nikamwomba anishonee.

"Lete," akasema.

Tundu la sindano alilitafuta kwa ulimi. Akaupitisha uzi, akaipapasa blauzi, akachoma, na sindano ikatokea kwenye kidole chake mwenyewe. Nikainua mkono wangu mbele ya uso wake na kuupunga, kama nilivyoupunga mlangoni kule Mpanda. Macho yake hayakuufuata.

"Upepo wa mkono wako nimeusikia," akasema huku akiifuta damu kwenye khanga. "Umeshajua, basi."

"Tangu lini, bibi?"

"Ni pole pole, hata sijui lini. Midoli inayotoka hapa anaishona Milembe. Mshono huu nilimfundisha mimi, alipofika na mumewe na ng'ombe kutoka Usukumani, hana anayemjua. Mwanangu aliyeko Mpanda akijua sioni, ataifunga hii meza anichukue nikae kwake. Nitakaa nifanye nini? Nichunge kuku nisiowaona?"

Hapo nikauelewa ule mfuko. Ulikuwa unakwenda na midoli na kurudi na vitambaa, na mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, sikuwahi kuuliza ulijaa nini wakati wa kwenda. Nikaelewa pia kwa nini mama mkubwa alikataa. Angefumua, mishono ingefanana, na Bibi Daforoza angeitwa mbele na sindano.

Lakini sikuondoka pale na moyo mweupe. Niliondoka na hasira mpya. Bibi huyu alikaa kwenye benchi, akasikia rafiki yake akidhihakiwa na kufukuzwa kwa ajili yake, akanyamaza. Kwa nini alinyamaza? Sikumuuliza, maana nilikuwa nimeshajijibu: alinyamaza kwa sababu ilimfaa. Tangu siku ile nikawa napita kwenye meza yake bila kumwamkia, na kwa kuwa haoni, nilijiambia kwamba hatajua.

Mama mkubwa alijua. Alinisema mara moja tu, tukipepeta mchele uani.

"Wewe unauliza sana, Kabula, mpaka ulipate jibu baya. Ukishalipata hilo, unatosheka."

Nilibishana naye. Nilikuwa na hoja nzuri na nilizipanga zote. Akaniacha nimalize, akapuliza makapi, akasema, "Haya."

Sasa sikia nikuambie, mwanangu. Wengine watakushauri uache maswali, uwe mtoto mtulivu. Mimi sikushauri hivyo, na bado hata chai ya bure naishuku. Mwenyekiti hakukosea kuuliza, mdoli wa dukani ulikuwepo. Ninachokuomba ni kwamba ukishuku, usiishie katikati. Jibu la kwanza likija haraka, na likakufanya ujione una akili kuliko waliokaa ukumbini, hilo ndilo ulishuku kuliko yote. Liulize nalo. Na kabla hujauliza mbele za watu, angalia ni nani atakayeitwa mbele kujibu, na kama ana macho ya kushika sindano. Pengine mtafute kwanza sokoni peke yake, ukae, umwamkie.

Mungu akupe ulimi usioogopa, na akupe miguu ya kurudi kuuliza tena. Nyumba utakayoishi iwe na watu wasiochoka kukujibu. Na ukiwa na rafiki, awe kama mmoja wa wale wawili, yeyote kati yao.

Bibi Daforoza tulimzika Kibaoni, meza yake ikiwa bado wazi. Tulipokuwa tunatoka makaburini mama mkubwa aliniambia jambo ambalo miaka yote ile sikuwahi kuliuliza: pale kwenye benchi Bibi Daforoza alikuwa anataka kusimama aseme, na ule mkono niliouona umembana ulikuwa unamkalisha.